Yai ni Maziwa au ni Ndama?

Wajukuu zangu, pamoja na nyinyi wengine ambao si wajukuu zangu lakini mmekula kuku wangu miaka yote hii bila kuja kunijulia hali, karibuni mkae. Mmeniomba niwaeleze kazi ya kuku kabla sijasahau, kwa sababu macho yangu sasa hayawezi tena kulenga jicho la kuku kwa tone la chanjo. Mara ya mwisho nilipojaribu, kuku alibaki mkavu na dawa yote ikaingia sikioni mwa jirani aliyekuwa amemshika. Hapo nikajua nimestaafu.

Anayeandika haya ni mjukuu wangu Amina. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkikuta kosa ni lake, mkikuta akili ni yangu.

Mnaniita Mama Kuku na mnadhani ni jina la heshima. Jina hilo nilipewa na mama mkwe wangu, Bi Hadulo, siku ya kwanza nilipofika kwake, na hakulitoa kwa mapenzi. Mimi nilizaliwa Kinakomba, kule juu mtoni, nikaolewa huku chini karibu na Garsen. Ilikuwa miaka ya hamsini, na watu walivuka mto kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba. Mume wangu Jillo alikuwa mmoja wa wavuta kamba. Mabibi harusi wenzangu walifika kwa wakwe zao na masanduku ya nguo na mikeka. Mimi niliteremka kwenye mtumbwi na tenga la kuku. Bi Hadulo alinitazama, akalitazama tenga, akamwuliza mwanawe kama ameoa mke au amefungua soko.

Kuku wale nilipewa na mama yangu. Aliniambia shamba la ukingoni mto unaweza kulichukua wakati wowote, na mpunga wote huishia kwa wageni, lakini kuku wa mwanamke ni wake mwenyewe, wala hakuna mwanamume atakayesimama barazani kudai urithi wa kuku. Walikuwa mitetea sita na jogoo. Mmoja wa mitetea alikuwa kishingo, wale wasiokuwa na manyoya shingoni, mwekundu shingo nzima kama mtu aliyetoka kugombana. Huyo mama alimlea mwenyewe tangu kifaranga, akimlalisha ndani ya kibuyu kilichovunjika.

Mama alifariki kabla ya mvua iliyofuata. Habari zilinifikia na mtumbwi wa mahindi, naye alikuwa ameshazikwa. Sikumwona. Kwa hiyo kila asubuhi nilipowamwagia kuku wale mtama na yule kishingo akaja mbele kuwasukuma wenzake, nilihisi kama mama yupo nyuma yangu anacheka. Niseme kweli, mwaka ule niliwapenda kuku kuliko mume. Baadaye mambo yalisawazika.

Sasa nawaona nyinyi mnavyobeba kuku, wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye pikipiki kutoka Bura mpaka huku, halafu mnauliza kwa nini hawatagi. Wewe ningekuning'iniza hivyo ungetaga? Kuku hushikwa alfajiri kabla hajashuka kwenye kijiti chake, kwa mikono miwili juu ya mbawa, bila kelele. Anawekwa tengani juu ya nyasi kavu. Ukimkimbiza mchana kuzunguka nyumba, utamkamata, lakini yai la wiki hiyo usilitarajie, na majirani watakuwa wamekwisha kukuona ulivyoanguka.

Nirudi kwenye habari yangu.

Kiangazi kimoja kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilishuka na mto. Nyinyi mnakijua kideri kutoka kwenye mabango ya chanjo. Sisi tulikijua kwa sauti. Kijiji kizima cha kuku kinaanza kukoroma. Kuku anasinzia mchana, mbawa zinaburuta, anaharisha kijani, mwisho shingo inajipinda anaangalia mbinguni, na hapo hana safari nyingine. Wanawake walisema ni upepo. Bi Hadulo naye alisema ni upepo, na dawa ya upepo ni pilipili. Akatwanga pilipili na shubiri, akawashika kuku wake mmoja mmoja, akawatia vidonge mdomoni. Kuku walipiga chafya kama wazee wa ugoro. Yeye akasema hiyo chafya ni ugonjwa unatoka. Jioni ugonjwa ulikuwa umetoka, na roho zikafuata nyuma yake.

Mimi sikuwa na elimu yoyote ya upepo, lakini nilikuwa nimeona jambo moja. Huku kwetu mtu akiona kuku wake wameanza kusinzia, hakai nao. Anawagawa haraka. Kuku akifia kwako ni hasara tupu, lakini ukimtoa zawadi leo, angalau unapata shukrani. Basi kuku wanaosinzia walianza kutembea. Huyu kwa shemeji, yule kwa shangazi, na wengi zaidi kwa maalim wa madrasa. Wiki ile maalim alipokea kuku wengi mpaka akatusifu msikitini kwa uchaji wetu wa Mungu. Siku chache baadaye banda lake lote lilikuwa limelala miguu juu, na sifa zikakoma. Kila mahali lilipofika tenga la kuku wa zawadi, kideri kilifika nalo. Upepo gani huo unaosafiri kwa tenga?

Maafisa wa mifugo walikuwa wanakuja, ndiyo, na sindano zao, ila ni kwa ajili ya ng'ombe. Jillo alimwuliza mmoja wao kivukoni kama kuna sindano ya kuku. Yule bwana alicheka mpaka akashika kamba, akasema kuku si mifugo, kuku ni mboga.

Nikajiuliza, ni wapi ambapo tenga la kuku haliwezi kufika? Jibu lilikuwa ng'ambo ya mto, na nililiona kila siku likija kunywa maji. Ni kwa Waorma. Wafugaji wa ng'ombe wa zamani zile hawakula kuku, hawakula mayai, wala hawakutaka kumshika. Kwao kuku alikuwa ndege mchafu anayekaa na watu kwa kukosa aibu. Kwenye boma la Muorma ungekuta ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, lakini kuku hukuti hata unyoya wake. Na pasipo na kuku, kideri kingeingia kufanya nini?

Huko ng'ambo nilimjua mtu mmoja, Mzee Wario. Ng'ombe wake walipokuwa upande wa juu walikuwa wakishuka kunywa kwenye malka, yaani ile njia ya mifugo ya kufikia mtoni, pembeni mwa shamba la mama yangu. Mama alikuwa akibadilishana mahindi kwa maziwa na mkewe, Halima, tangu mimi sijaota meno. Kiangazi kile Wario alikuwa ameshuka na mifugo yake mpaka karibu na Garsen kutafuta majani. Nikavuka kwenda kwake. Nilimkuta amesimama kwa mguu mmoja akiegemea mkuki, anawatazama ng'ombe wake kwa upendo ambao Jillo hajawahi kunitazama nao. Nikamweleza haja yangu.

"Mama yako mimi najua," akasema. "Mwaka ile ng'ombe nakufa, yeye nalisha watoto yangu. Lakini ndege, Hawa? Watu nacheka mimi mpaka kaburi."

Nikamwambia ni kuku wa mama. Mzee akashusha mguu wake wa pili chini. Akatoa masharti yake: wakae nyuma ya nyumba ya Halima, yeye mwenyewe mzee asiwaguse, na mtu yeyote asijue.

Niliporudi na kumwambia Bi Hadulo, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, unawapelekea kuku watu wasiokula kuku. Kesho utawapelekea samaki?" Nao Waorma samaki pia hawali, ndiyo sababu alicheka peke yake mpaka akakaa chini.

Kesho yake alfajiri niliwashika wote saba, nikawatia tengani, nikalifunika kwa kanga. Kivuko kilikuwa kimejaa Waorma wanaorudi ng'ambo. Jillo alivuta kamba huku akitazama pembeni, kama mtu asiyenijua. Tulipofika katikati ya mto, jua likachomoza, na jogoo akafanya kazi yake. Abiria wote walihamia upande mmoja wa kivuko, chombo kikainama, na Jillo kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akaniita kwa jina langu lote na la baba yangu.

Hata hivyo tulifika. Kuku wakawekwa nyuma ya nyumba ya Halima, ile nyumba yao ya fito na mikeka, nikarudi nyumbani.

Kideri kilimaliza kijiji chetu. Sitawaficha, palikuwa na huzuni. Mnajua kijiji kisicho na jogoo? Watu walichelewa swala ya alfajiri. Makombo ya ugali yalibaki uani mpaka siafu wakayakuta. Bi Hadulo, aliyezoea kuwatukana kuku wake kila asubuhi kabla ya chai, alikosa wa kumtukana na akanigeukia mimi. Nilivumilia kwa sababu nilijua ng'ambo kuna mitetea sita wa mama bado wanatembea.

Habari za ng'ambo aliniletea Halima alipokuja kuuza maziwa. Alikuwa akisimulia huku amejifunika mdomo kwa kucheka. Kumbe siku ya kwanza tu jogoo aliwika na boma zima likaamka. Kila mtu alijua huyu ni jogoo. Shida ilikuwa kujua ni wa nani. Mzee Wario alisimama kuswali, akaswali, akaongeza sunna, akaongeza na nyingine, mpaka watu wakachoka kumsubiri wamwulize. Lakini huwezi kuswali kwa ajili ya jogoo maisha yako yote. Ikajulikana. Wazee wenzake wakaanza kumsalimia kwa kumwuliza kama ndege zake wamenenepa, wamezaa, wamepata malisho.

Ndipo kuku wakagundua kupe.

Hili liandike, Amina, uliandike vizuri. Kuku akiachiwa mahali ng'ombe wamelala, atamsafisha ng'ombe kuliko mtu anayebandua kupe kwa kisu. Wario alikuwa na ng'ombe wake kipenzi, jike jekundu aitwaye Diima, maana yake kwa lugha yao ni huyo mwekundu. Diima alilala, na kishingo wa mama akamwendea, akamdonoa kupe mguuni, akamdonoa kiweleni, akapanda mgongoni, akamaliza na masikio. Diima alifumba macho. Halima alisema mzee aliacha mkuki ukaanguka. Siku ya pili akawa anamfukuza mbwa asimsumbue kishingo. Siku ya tatu akawapa kuku wote majina kwa rangi zao kama ng'ombe. Kuku mweusi akawa Guracha. Kuku mweupe akawa Adi. Kishingo hakumpa jina la rangi, alimwita Mama Hawa, kwa ajili ya mama yangu.

Nilifurahi kusikia hivyo. Ningejua yanayokuja, ningefurahi kidogo tu.

Mawingu yalipoanza kukusanyika nilishtuka. Mvua ikinyesha Waorma hawakai mtoni. Wanang'oa nyumba zao na kuwapeleka ng'ombe nyika ya mbali, upande wa Bangale, kwenye majani mapya. Kama wangeondoka na kuku wangu, ningewaona tena lini? Kijijini kideri kilikuwa kimekosa wa kuua, mabanda nilikuwa nimeyaacha wazi yapigwe jua na kuyamwagia majivu. Nikavuka kwenda kuwachukua kuku wa mama.

Niliwakuta wanang'aa. Guracha alikuwa na vifaranga, na mayai yalikuwa yamejaa kwenye kapu la Halima. Nikatoa shukrani zote ninazozijua, nikatandika nyasi tengani. Wario akaweka mkuki wake juu ya tenga.

Kwao, vijana, kuna sheria ya kukopeshana ng'ombe. Mtu akikupa ng'ombe umtunzie, maziwa ni yako wewe uliyemtunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na mwenye ng'ombe hamkwapui tu siku anayotaka. Watu wanakaa, wanazungumza. Mimi nilidhani nimemwachia mzee kuku. Yeye alijiona amepokea mkopo. Akaniambia kwa upole kwamba yai linatoka kwa kuku kila siku kama maziwa, kwa hiyo yai ni maziwa, na maziwa ni yake. Na vifaranga wa Guracha wametoka kwenye maziwa yake, kwa hiyo ni wake. Nikamwambia yai ni ndama ambaye hajasimama, na ndama ni wangu. Tukabishana mpaka Halima akaondoka kwenda kukamua.

Basi kikaitwa kikao pale malka. Wazee wa Kiorma walikaa upande wao, wazee wetu wa mtoni upande wao, kuku wakiwa tengani katikati kama washitakiwa. Mimi nilikuwa mwanamke kijana, kwa hiyo Jillo alinisemea. Alisimama, akasalimu pande zote, akaeleza jinsi kivuko kilivyo kizito, akakaa. Hilo ndilo lililokuwa neno lake.

Watu wazima, wenye mvi, ambao nusu yao hawajawahi kugusa kuku, walijadili yai tangu jua dogo mpaka kivuli kikahama. Mmoja akasema maziwa humwagika na yai pia humwagika, kwa hiyo ni maziwa. Mzee wetu akajibu kwamba ndama hupiga teke, na yeye amewahi kusikia kifaranga akipiga teke ndani ya yai. Mwingine akauliza kama kuku hukamuliwa au hutoa mwenyewe. Wao walikuwa na mchezo mzuri wa maneno, lakini mvua ilikuwa inanuka, na waliokuwa ndani ya tenga lile ndio waliobaki wa mama yangu duniani.

Ndipo Bi Hadulo, ambaye hakuna aliyemwalika, akajitokeza nyuma ya watu. Nilijua nimekwisha. Akamwendea Wario, akamsalimu kwa adabu, akamwuliza, "Mzee mwenzangu, haya maziwa yako, wewe unakunywa?"

Wario alishtuka kama ametukanwa. "Mimi hapana kula yai."

"Sasa unayafanya nini?"

"Naacha chini ya ndege."

"Ukiyaacha chini ya ndege yanakuwa nini?"

Mzee akawatazama vifaranga tengani. Wazee wetu wakaanza kutikisika mabega. Bi Hadulo akaja akakaa kando yangu, akanishika mkono mbele ya watu wote, na tangu siku ile akinitukana nilijua ni mazoea tu.

Lakini msidhani tulishinda. Walinong'onezana pande zote mbili, kisha wakatoa hukumu ambayo haikugusa yai hata kidogo. Walisema kuku na vifaranga warudi na Hawa. Lakini mkopo hauvunjwi wote kwa siku moja kana kwamba watu wamegombana. Wario abaki na mtetea mmoja na jogoo mchanga mmoja kati ya vifaranga, aende nao nyika. Maziwa ni nini kila mtu ajue mwenyewe nyumbani kwake. Ndama ni wa Hawa, leo na siku zote.

Wario akaambiwa achague. Alichagua kishingo.

Nilisema hapana. Nilisema wachukue watano wengine wote, huyo hapana. Wario akaniambia Diima hamkubali kuku mwingine mgongoni. Wazee walikuwa wamekwisha simama wanakung'uta nguo. Siku mbili baadaye mvua ikaanza, Waorma wakang'oa nyumba, na kishingo wa mama yangu akaondoka juu ya punda, katikati ya mikeka, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume. Nilisimama kivukoni nikalia. Jillo aliniambia ni kuku tu. Usiku ule alijipikia.

Mvua ile nilijifungua binti, nikampa jina la mama. Hapa sikilizeni, maana ndipo watu wetu wanapokosea mpaka leo. Mwanamke akijifungua huletewa kuku wa supu. Desturi nzuri sana, na mimi nililetewa na ndugu kutoka kila pembe ya mto. Bi Hadulo alijawa na fahari. Kila kuku aliyefika alimwachia uani pamoja na wangu, ili wapita njia wahesabu wenyewe tulivyo na watu. Nikiwa kitandani nikasikia mkoromo. Niliita, nikasema watenganishwe. Akanijibu nipumzike, huo ni upepo wa mvua tu.

Wiki haikuisha. Guracha, Adi, jogoo, vifaranga, wote. Bi Hadulo alikuja na pilipili mkononi, akasimama mlangoni, akaitupa. Alilia kuliko mimi. Sikuwa na nguvu ya kumlaumu, kwani waliowaleta kuku wale walikuja kwa mapenzi, na yeye aliwaachia uani kwa furaha ya mjukuu. Tangu hapo sheria yangu ni moja, na nimeifundisha nyumba kwa nyumba: kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili, awe zawadi, awe wa mahari, awe ametoka kwa mamako mzazi. Mkwe akinuna, mpe chai.

Nilibaki bila hata unyoya wa mama. Miezi ile kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimkasirikia Wario kwa kumchukua kishingo, na sikuwa nimemuaga mzee.

Kiangazi kikarudi, na ng'ombe wakarudi mtoni. Siku ya soko pale Garsen nilikuwa nimekaa na ndizi zangu, mtoto mgongoni, nikasikia vicheko vinakuja kutoka upande wa kivuko. Watu walikuwa wanapisha njia. Alikuwa Mzee Wario. Mkono mmoja alishika mkuki, na mkono wa pili, yeye ambaye alisema hatamgusa ndege maishani, alikuwa amekumbatia tenga la kuku kifuani kama mtu aliyebeba ndama mchanga. Vijana wa Kiorma walikuwa wanamfuata wakiiga sauti ya jogoo. Hakugeuka. Alipita katikati ya soko lote mpaka kwangu, akaliweka tenga miguuni pangu.

"Nasikia ndege yako nakwisha," akasema. "Hii ndama yako."

Nikafunua. Walikuwa mitetea tisa wachanga, na watano kati yao shingo zilikuwa wazi, nyekundu, za ugomvi vilevile. Nilitoa mtoto mgongoni nikampa mzee amshike ili nipate kufuta macho, naye akamshika vizuri zaidi ya Jillo. Kisha nikamwuliza kuhusu kishingo mwenyewe. Akasema yupo, amezeeka, anatembea juu ya Diima badala ya chini. Nikamwuliza, sasa mzee, yale maziwa uliyoyadai, uliyanywa?

Akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza mbele yangu. "Sikio ya Diima angalia. Kupe hapana. Hiyo ndiyo maziwa, mimi nakunywa mwaka mzima."

Yule kichanga ambaye Wario alimshika sokoni ndiye mama yake Amina huyu anayeandika. Na kuku wote wa shingo wazi mnaowaona kuanzia hapa kivukoni mpaka mashambani wametoka ndani ya tenga lile. Chanjo imekuja baadaye, nimeizungusha mwenyewe miaka mingi, na nawasihi msikose hata msimu mmoja. Lakini chanjo huchelewa, barabara hukatika, friji huharibika. Kwa hiyo kila nikipata kizazi kipya cha vishingo, mtetea mmoja na jogoo mmoja huvuka mto kwenda boma la wajukuu wa Wario. Wenyewe mpaka leo hawawali. Wanasema ni wa ng'ombe.

Basi siku yangu ikifika, nawajua mtaanza kugombea kuku kabla udongo haujakauka. Msigawane kwanza. Vukeni mto, mwende pale malka, msalimu kwa adabu, muwaambie wajukuu wa Wario kwamba mwenye ndama amebadilika, sasa ni nyinyi. Mkopo bado unaendelea.